Aliyemgeuza Mama Kitandani

Kwa miaka kumi na minane, kila aliyepiga simu katika hospitali ile kubwa alipokelewa kwanza na yeye. Wengi waliomjua kwa sauti hawakujua kuwa haoni. Surua ilimpitia akiwa na miaka mitano, ikamwachia uhai na kuondoka na macho, na tangu hapo aliishi kwa masikio. Hospitalini hakuna aliyemwita jina lake. Madaktari walimwita opereta, wengine wote walimwita Dada Masikio, naye hakuchukia. Kusema kweli alijivunia.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, kimebanwa kati ya mapokezi na stoo ya dawa. Kilikuwa na meza, kiti chenye mto, na swichibodi ambayo vitufe vyake alivibandika vipande vya plasta ili vidole visipotee. Namba za wodi zote alikuwa nazo kichwani. Akishavaa hedifoni zake saa kumi na mbili asubuhi, alijua mambo ambayo wenye macho hawakuyajua: daktari gani ametoka kugombana nyumbani, karani gani amekunywa jana, ndugu gani anauliza hali ya mgonjwa huku akitamani kusikia habari mbaya. Aliamini kwamba uso unaweza kumdanganya mtu, lakini sauti haiwezi. Mtu akifungua kinywa, yeye alishampima na kumaliza.

Ndivyo alivyompima mbeba machela waliyemwita King'ong'o.

Huyo alizaliwa na ufa kwenye kaakaa, ukashonwa akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, na maneno yake yalipita puani kabla ya kufika kwa watu. Siku moja aliona gari la kubebea mitungi ya oksijeni limemkosakosa opereta pale uani, na tangu siku hiyo, bila kutumwa na mtu, akawa anamngoja saa nane mchana anapomaliza zamu, anamshika kiwiko na kumvusha hadi getini. Wiki ya kwanza alijaribu kuzungumza. Opereta aliambulia neno moja katika matatu, na hilo moja lilimkwaruza masikio kama kijiko kwenye sufuria.

"Kaka, usinielewe vibaya," alimwambia. "Kutwa nzima nasikiliza watu. Tukitembea, tutembee tu."

"Hm," alisema King'ong'o.

Kuanzia hapo, miaka minne ilipita mtu yule hajamwambia neno. Penye ngazi alimvuta kiwiko kidogo, penye maji alimsogeza pembeni, basi. Opereta alishukuru kwa ule ukimya. Na kulikuwa na jingine ambalo hakumwambia mtu: moyoni alishakata shauri kwamba mwenye usemi uliovurugika namna ile, na ndani yake lazima pamevurugika vilevile.

Mwombezi alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuja wodini Jumanne na Ijumaa kuwaombea wagonjwa, na mara ya kwanza opereta alimsikia simuni, akiomba kuunganishwa na ofisi ya matroni. Sauti ilikuwa nzito, haina haraka, kila neno limewekwa mahali pake kama sahani mezani. Opereta alimwunganisha, kisha akakaa na kidole juu ya kitufe, amesahau laini mbili zilizokuwa zinalia. Jumapili iliyofuata alimburuta mama yake hadi kwenye nyumba ya ibada ambako Mwombezi alikuwa akiongoza sala. Watu walilia. Yeye pia alilia.

"Mtu anayemwomba Mungu vile," alimwambia mama yake njiani, "anamjua kwa karibu."

"Ana kinywa," alijibu mama.

"Mama, wewe naye."

"Nimesema ana kinywa. Nimekosea wapi?"

Mama huyo alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi. Waliishi wawili tu, katika vyumba viwili, na cherehani kati yao. Mama alimsomea barua, alimchagulia nguo, alimwambia kama kuna doa. Jumatatu moja asubuhi alianguka kando ya cherehani. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kikamfunga na ulimi. Walimlaza wodi namba saba, ghorofa ya pili, ngazi mbili juu ya chumba cha simu.

Opereta alichanganyikiwa. Mwenzake wa zamu alikuwa likizo ya uzazi na mbadala hakupatikana. Wodi saba ilikuwa na wagonjwa arubaini na wauguzi watatu, na kila mtu hospitalini alijua mgonjwa wa kiharusi asiye na ndugu wa kumlisha na kumgeuza asubuhi anafikia wapi. Ngozi ya mgongo inaoza. Vidonda vinatangulia kumla kabla ya ugonjwa wenyewe.

Mwombezi alimkuta analia mezani. Alimwekea mkono begani.

"Dada yangu mpendwa, futa machozi. Asubuhi za mama niachie mimi. Nitamlisha kwa mkono huu, nitamgeuza, nitamsomea maneno ya faraja. Mama yako ni mama yangu. Wewe fanya kazi kwa amani."

Na kweli, kila siku saa nne asubuhi, simu yake ilifika. "Mama ameamka vizuri. Amekula vijiko saba vya supu. Tumeomba pamoja, chozi likamtoka, nikalifuta." Opereta alizingoja simu zile kama mgonjwa anavyongoja dawa. Zilikuja kwa laini ya nje, si ya wodini. Alijiambia kwamba anatumia simu yake ya mkononi. Mara moja alisikia nyuma ya ile sauti lori likipita na mtu akinadi nyanya. Masikio yale yaliyosifika hospitali nzima yalisikia vizuri kabisa, na yeye mwenyewe akayaambia yanyamaze.

Saa nane, King'ong'o hakumpeleka tena getini bali alimpandisha wodini. Mama alikuwa msafi, ananukia sabuni, amelazwa ubavu akielekea dirishani, mto umewekwa katikati ya magoti. Opereta alimshika mkono mzima, wa kushoto. Mara nyingi mama aliuchomoa, akaunyoosha upande wa pili wa kitanda, huku akitoa sauti kooni. Opereta alidhani anataka maji. Alimpa maji.

Siku moja, wakishuka ngazi, opereta alisema, "Kaka, wewe unakuwa huku juu asubuhi. Ukikutana na Mwombezi, mshike mkono kwa niaba yangu. Mwambie Mungu ndiye aliyemtuma."

King'ong'o alisimama kidogo kwenye kidato. Halafu akamvuta kiwiko, wakaendelea.

"Hm," alisema.

Wiki ya saba, siku ya Alhamisi, basi lilipinduka barabara kuu na majeruhi wakaletwa kwa mkupuo. Kufikia saa tatu laini zote zilikuwa zinalia pamoja. Ndugu wanalia, polisi wanauliza, benki ya damu inatafutwa. Katikati ya vurugu hizo laini ya wodi saba ikalia. Akapokea.

"Chumba cha simu."

Alisikia pumzi, kisha sauti ya puani, yenye haraka. Ilitaja mama. Ilitaja kitu kingine. Alimjua hapo hapo. Miaka minne ya ukimya haikutosha kumsahaulisha sauti ile.

"Kaka, laini zote zinalia. Sikuelewi. Mpe sista simu."

Sauti ikarudia, safari hii kwa haraka zaidi, na kadiri ilivyoharakisha ndivyo ilivyozidi kupotea. Opereta alibonyeza kitufe, akamkata, akachukua simu ya polisi.

Baada ya robo saa, wodi saba ilipiga tena. Safari hii alikuwa sista mkuu wa wodi.

"Dada," alisema taratibu. "Vua hedifoni. Njoo juu."

Karani wa mapokezi ndiye aliyempandisha. Alipofika, mkono wa kushoto wa mama ulikuwa bado na joto. Aliuliza kama kuna mtu alikuwa naye. Sista alikuwa anakimbizana na majeruhi walioletwa hadi koridoni, akajibu kwamba alikuwapo mtu, asiwe na wasiwasi, hakufa peke yake. Opereta alijua ni nani. Alijua tu.

Mazikoni Mwombezi alizungumza nusu saa nzima. Hata wachimba kaburi waliegemea majembe yao wakamsikiliza. Alisema alikuwa kando ya kitanda asubuhi ile, kwamba mama aliondoka akitabasamu, na jina la binti yake likiwa midomoni. Mama yule hakuwa ametamka hata herufi moja kwa wiki saba. Opereta aliligundua hilo palepale, udongo ukiwa mkononi mwake, lakini alihitaji kitu cha kushika, na neno lile lilikuwa zuri. Akalishika. Kuhusu simu aliyoikata, alijiambia kuwa King'ong'o alikuwa anauliza habari za machela.

Siku ya tatu mama yake mdogo, aliyesafiri kutoka kijijini kwa maziko na kuwa miongoni mwa wanawake walioosha maiti, alikaa naye jikoni wakipanga vyombo vilivyoazimwa.

"Mwanangu, nikwambie kitu," alisema. "Nimeosha wengi. Wiki saba kitandani, na mgongo wa dada yangu haukuwa hata na mchubuko. Makalio, visigino, kote ngozi nzima kama ya mtoto. Aliyekuwa akimgeuza alikuwa anamgeuza kwa saa, tena usiku na mchana hajachoka. Umshukuru sana mtu huyo."

Opereta aliona ni haki. Keshoye alikodi gari hadi nyumbani kwa Mwombezi. Mtaani kwake palikuwa na kelele za malori na wauza mboga. Alikaribishwa vizuri, akaketishwa kwenye kochi.

"Nimekuja kukushukuru," alisema. "Wanasema mgongo wa mama ulikuwa hauna kidonda."

"Tumshukuru Mungu, dada yangu."

"Ulikuwa unamgeuza vipi? Mama alikuwa mzito. Ulikuwa unaanza na upande upi?"

"Ah, dada yangu. Upendo hauulizi uzito. Mtu akijazwa huruma, mikono inapata nguvu isiyo yake."

"Upande upi, lakini?"

Mwombezi alivuta pumzi, na sauti ikashuka, tamu, ya kubembeleza. Alianza kueleza jinsi huzuni inavyomfanya mtu atafute vitu vidogo. Alisema vizuri sana. Opereta aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, hakusikiliza jinsi anavyosema. Alisubiri jibu. Halikuja. Nje mtu alinadi nyanya.

"Hukuwahi kumgeuza," alisema.

Kisha Mwombezi akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha kuigiza. Masikio ya opereta yalijua tofauti.

"Nilikuja siku mbili za kwanza," alisema. "Nilifika mlangoni. Ile harufu, dada. Ile hali. Kuomba wodini nimezoea, lakini kumlisha na kumgeuza mtu, nilishindwa hata kuvuka kizingiti. Nikawa nampigia sista kwenye simu yake ya mkononi kila asubuhi, ananiambia amekula nini, ameamkaje, nami nakwambia wewe. Lakini nilimwombea. Kila siku nilipiga magoti, wallahi nilimwombea. Nilidhani ndiyo kazi yangu."

"Na mazikoni?"

"Nilitaka upate faraja."

Opereta alitafuta fimbo yake nyeupe kwenye kochi. Mtu yule aliyaamini maneno yake mwenyewe kuliko mtu yeyote aliyewahi kuyasikia, na sasa opereta hakujua amkasirikie yeye au ajikasirikie mwenyewe.

Aliporudi kazini alipanda moja kwa moja wodi saba.

"Nani alikuwa akimtunza mama asubuhi?" alimwuliza sista.

Sista alishangaa. "Si mtu wako? King'ong'o. Sisi tulijua wewe ndiye uliyemtuma, maana ndiye anayekuleta kila siku. Alikuja saa kumi na moja kabla ya zamu yake, anamlisha, anamwosha. Akipita na machela mchana, anaingia kumgeuza. Na jioni akishakufikisha getini, anarudi. Kuna usiku alilala kwenye benchi hapo koridoni."

"Hakuniambia."

"Na wewe hukumwuliza?" Sista alisema bila ubaya, kisha akajutia. "Pole, dada. Amehamishwa. Mgongo umemharibikia, alikuwa anamwinua mama yako peke yake. Daktari amemzuia kubeba. Yuko kwa madobi, anakunja shuka."

Jengo la madobi lilikuwa nyuma kabisa, karibu na tanuri la taka. Mashine zilinguruma hivi kwamba opereta aliyumba mlangoni, hajui kushoto wala kulia. Mkono ulimshika kiwiko. Aliujua.

"Kaka, tutoke nje," alisema. "Nataka kukusikia."

Walikaa kwenye benchi la simenti, juani. King'ong'o aliketi polepole, kama mzee, akishikilia kiuno.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alijibu, naye hakuelewa. Akamwomba arudie. Akarudia. Ilibidi mara tatu.

"Ulisema nisiongee," alisema King'ong'o. "Halafu nilikuwa nakuona ulivyofurahi na habari za yule bwana. Nikasema, acha afurahi."

"Na ulikuwa unamwombea?"

"Mimi sijui kuomba." Alijinyoosha kidogo. "Zamani nilisimama mara moja, kule kwenye ibada, kila mtu aombe kwa sauti. Walicheka. Hata kiongozi alicheka. Nikamwambia Mungu, nitakuwa nakuja, lakini kusema ndiyo mwisho. Basi mama nilipokuwa namgeuza nilikuwa nasema tu moyoni, wewe mshike huko, mimi nimshike huku."

Opereta alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Ile Alhamisi nilikukatia simu."

"Ndiyo."

"Ulitaka kusema nini?"

"Kwamba ana hali mbaya. Kwamba uje. Sista hakuwepo, nilimtafuta." Mashine zilinguruma nyuma yao. "Nilitaka nije kukuchukua mwenyewe. Nikaogopa atabaki peke yake."

"Alitabasamu?"

Kabla King'ong'o hajajibu, opereta alitamani amdanganye, alitamani kwa nguvu zake zote, na alijua kwamba mtu huyu hatafanya hivyo.

"Hapana," alisema. "Alikuwa anaangalia mlango. Nilimgeuza aelekee dirishani apumue vizuri, akarudisha kichwa. Nikamwacha aangalie. Nilimshika mkono. Aliangalia mlango mpaka mwisho."

Opereta alilia pale benchini bila kujificha uso, na madobi waliopita na vikapu wakatembea kwa kunyata. King'ong'o hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia kuwa hakuna kosa. Alikaa naye. Kengele ya madobi ilipolia, alimwambia lazima arudi kwenye shuka.

"Kesho utaniambia yaliyobaki?" aliuliza opereta. "Tangu siku ya kwanza. Yote."

"Nitachukua muda. Wewe hunielewi vizuri."

"Nitauliza."

Ikawa ndivyo. Mchana wa saa nane, opereta alikwenda mwenyewe kwa madobi, fimbo ikipapasa ukuta, na King'ong'o akatoka. Alisimulia taratibu, naye akauliza, akarudiwa, akauliza tena. Kuna maneno aliyoyapata mara ya tano. Kuna mengine hawakufanikiwa, wakayaacha. Wiki saba za mama yake zilimfikia kwa namna hiyo, kipande kwa kipande: kwamba alitaka kijiko kiingie upande wa kushoto, kwamba alichukia blanketi la kijani, kwamba kila saa saba na nusu alianza kuhangaika na kujaribu kulaza nywele kwa mkono mmoja, kwa sababu alijua binti yake anakuja, ingawa binti huyo asingeziona.

Siku ya nne alimwambia kwamba mama aliwahi kucheka. Kijiko kilimponyoka King'ong'o, kikaingia moja kwa moja ndani ya kiatu chake, na supu yote.

"Alicheka vipi?" aliuliza opereta. "Baada ya ule ugonjwa, kicheko chake kilikuwaje? Mimi sikuwahi kukisikia."

King'ong'o alifikiri. Alivuta pumzi, akajaribu kukiigiza, sauti kidogo ikatoka puani, akaacha.

"Siwezi," alisema. "Kilikuwa chake."